Matawi Matatu ya Mwarobaini

Kinyerezi, Dar es Salaam
Jumapili, 2 Februari 2025

Shangazi yangu Sista Apolonia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na masista wote wa zahanati, na kwamba mvua za Karagwe zimewaachia njia ya kupita. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Bado ni mwenyekiti wa jumuiya na bado anagombana na kwaya. Kaka Ansbert anaendelea na kazi yake ya umeme kwenye mitambo ya gesi, ila siku hizi anatoka alfajiri na kurudi bila neno la kumwambia mtu. Gari halijatengenezwa. Limefunikwa turubai nyuma ya nyumba, na kuku wanalala chini yake.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Mwanga wa simu unaniumiza. Nikiutazama dakika mbili, jicho la kulia linaanza kutoa machozi na kichwa kinafuata. Kalamu haina mwanga. Kwa hiyo nampa barua Sista Blessing, ambaye amekuja na gari lenu kufuata dawa, nawe utanijibu kwa njia hiyohiyo.

Sasa neno lenyewe. Shangazi, kichwa hakijapona.

Najua uliambiwa kimepona. Wote waliambiwa. Ajali ilikuwa tarehe 14 Desemba. Ilipofika tarehe 12 Januari, Mama alikuwa ameshatoa nia ya misa ya shukrani, ndugu wamekuja kutoka Wazo na Temeke, mbuzi amechinjwa, na mimi nimesimama mbele ya altare na gauni jipya la kitenge kusema kwamba Mungu ameniponya kabisa. Neno "kabisa" halikuwa kwenye karatasi yangu. Lilitoka tu. Wakati linatoka, upande wa kulia wa kichwa ulikuwa unagonga kama fundi anayepigilia misumari akiwa ndani ya kabati. Watu wakapiga vigelegele, na kila kigelegele kikawa msumari. Tangu siku hiyo nikishika kichwa mbele ya Mama, ananitazama kama mtu aliyerudisha zawadi. Basi sikishiki. Tafadhali usimwambie.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloninyima amani. Ajali yenyewe siikumbuki. Nakumbuka tulivyotoka Wazo kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu, Ansbert akiendesha, Mama amekaa mbele, mimi nyuma peke yangu na sufuria la pilau tulilofungiwa. Nakumbuka Goba. Halafu nakumbuka kitu kimoja: matawi ya mwarobaini, mabichi, yamelazwa kwenye lami upande wetu, kama wanavyoweka madereva gari linapoharibika. Matatu. Baada ya hapo ni dari ya hospitali.

Mama anasema hapakuwa na matawi. Ansbert anasema hivyohivyo, na ndivyo walivyoandikisha polisi: lori la saruji liliharibika kwenye mteremko wa Malamba Mawili na kuachwa bila alama yoyote, ndiyo maana tukaligonga kwa nyuma. Lakini mimi nayaona. Naona hata sehemu yalipokatwa, bado nyeupe.

Wewe ni muuguzi miaka thelathini sasa. Niambie ukweli. Kichwa kilichogongwa kinaweza kutengeneza jani ambalo halikuwepo? Nafundisha hesabu, Shangazi. Kama kichwa changu kinazua, sina pa kusimama.

Mwanao,
Benedicta


Karagwe, 20 Februari 2025

Mwanangu Benedicta,

Marahaba, na amani ya Kristo. Barua yako imefika ikinuka dawa ya mende, kwa sababu Sista Blessing aliipakia nayo kwenye boksi moja. Huku tunavuna maharage. Bibi yako mdogo wa Nyaishozi amepoteza meno mawili na kupata mchumba. Usiniulize kipi kilitangulia.

Nimesoma habari za misa ya shukrani nikatikisa kichwa. Nyie watu wa Dar mnamshukuru Mungu haraka kana kwamba yuko safarini. Sitamwambia Mama yako. Ila nisikilize. Lala saa zilezile na uamke saa zilezile, hata Jumapili. Kunywa maji kabla kiu haijakuuma. Usishinde njaa. Nunua daftari, kila siku andika kichwa kimeanza saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, na kimeisha saa ngapi. Ukitapika bila sababu, ukiona vitu viwiliviwili, mkono au mguu ukilegea, usiniandikie barua, kimbia hospitali.

Kuhusu yale matawi. Ubongo uliotikiswa huziba mapengo yake kwa vitu ulivyowahi kuviona. Umeona matawi barabarani mara mia maishani mwako. Kichwa kimeokota moja ya siku hizo na kuiweka pale. Ni jambo la kawaida kwa majeruhi. Usiyafuate, yatakuchosha bure.

Nina swali moja tu, nalo nataka jibu: unameza vidonge vingapi kwa siku?

Simu yangu usiitafute hata ukipona macho. Nimeirudisha ofisini kwa Mama Mkuu. Barua zinatosha.

Nakuombea,
Shangazi yako, Sr. Apolonia


Kinyerezi, 23 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na mavuno, na mpe Bibi hongera zangu, za mchumba siyo za meno. Mama mzima. Ansbert mzima, nadhani. Amekonda. Jana Mama alimtuma akachukue mchele kwa gari la jirani, akasema atakwenda kwa miguu, na kweli alikwenda kwa miguu akarudi na kilo ishirini begani.

Daftari nimenunua. Nimeandika siku ishirini na sita, na siku zenye maumivu ni ishirini na sita. Yanaanza asubuhi kabla sijafumbua macho. Kelele za darasani ndizo mbaya zaidi, kisha jua la mchana linaloakisiwa na bati za mabweni, kisha harufu ya mafuta ya maandazi. Nimejifunza kufundisha nikiwa nimeegemea ukuta wa kushoto, kwa sababu upande ule feni haipigi kelele. Nimejifunza kuandika maneno machache ubaoni na kuwatuma wanafunzi wenyewe wakaandike. Mkuu wa shule amenisifu kwa "mbinu shirikishi."

Lakini wiki iliyopita, kidato cha tatu, niliandika ubaoni saba mara nane ni hamsini na nne. Watoto themanini na nne wakanyamaza. Ukimya wa namna ile sijawahi kuusikia shuleni kwetu Temeke. Kisha Praygod, yule mchekeshaji wa nyuma, akasema, "Madamu, hiyo hesabu nayo imepata ajali?"

Darasa likalipuka. Zamani ningecheka kuliko wote. Nilitoka, nikajifungia kwenye stoo ya vitabu nikaanza jedwali la mbili, la tatu, la nne, mpaka la kumi na mbili, kwa sauti, huku nikipima kila jibu kwa vidole. Kama matawi yale yalitungwa na kichwa changu, na mimi niko tayari kuapa kwamba niliyaona, basi na hamsini na sita nitaijuaje? Zote mbili zinatoka palepale.

Mwalimu Zubeda wa jiografia alinikuta humo. Akasema, "Wee Beni, hicho kichwa unakibeba kama yai la kuazima. Kiweke chini hata dakika." Akanipaka mafuta ya karafuu kwenye paji la uso, akanikalisha juu ya maboksi ya atlasi, akasimama mlangoni kuzuia watu mpaka kengele ikapigwa. Hakuuliza.

Jambo jingine. Jumamosi nilikuwa nimelala, pazia limefungwa, nikasikia mtu getini. Mwanamume, sauti ya upole. Alisema anaitwa Shomari, ndiye dereva wa lori la siku ile, na tajiri wake amemfukuza kazi kwa kuacha gari barabarani bila alama.

"Sijaja kwa ugomvi, mama," akasema. "Nataka kuongea na kijana wako, mwanamume kwa mwanamume. Yeye anajua nilivyo..."

"Hayupo," Mama akasema, akafunga geti kabla mtu hajamaliza.

Ansbert alikuwepo. Alikuwa bafuni, maji yanamwagika, na yaliendelea kumwagika nusu saa nzima.

Yeye anajua nilivyofanya nini, Shangazi? Nimemwuliza Mama, akasema nirudi kulala, kichwa changu kinataka kupumzika. Siku hizi kila nikiuliza kitu kichwa changu kinataka kupumzika.

Mwanao,
Benedicta


Karagwe, 5 Aprili 2025

Benedicta,

Marahaba. Sote wazima, mimi nasumbuliwa kidogo na usingizi. Gari letu lilivunja springi Biharamulo, ndiyo maana nimechelewa.

Umeniandikia kurasa nne zenye feni, bati, maandazi na karafuu, na swali langu moja hukulijibu. Nimeshauguza watu wanaoficha, wanaficha vilevile wote. Basi nitasema mwenyewe. Unameza kila siku. Unaanza kabla ya chai. Unabeba vingine kwenye mkoba, na ukiviona vimepungua moyo unakwenda mbio.

Dawa ya maumivu ikimezwa kila siku kwa miezi, mwanangu, kichwa hujifunza kuidai. Ikipungua tu mwilini, kinauma ili uiongeze. Ajali iliwasha moto, na huenda sasa wewe ndiwe unayeutia kuni kila asubuhi na glasi ya maji. Ndiyo maana siku zako ni ishirini na sita kwa ishirini na sita.

Usiviache vidonge peke yako gizani. Nenda hospitali ulikotibiwa, omba daktari wa mishipa ya fahamu, umpe daftari lako na umtajie idadi ya kweli. Yeye ndiye akuambie uache vipi. Siku za mwanzo zitakuwa mbaya kuliko zote, na utahitaji mtu wa kukaa nawe. Mtu huyo ni Mama yako. Lazima umwambie.

Mambo ya huyo mtu wa getini mwachie Mama.

Sr. Apolonia


Kinyerezi, 11 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini usingizi umerudi. Huku mvua zimekatika na vyura wamenyamaza, nawashukuru.

Vinane. Ndilo jibu. Wakati mwingine kumi. Vya aina mbili, kutoka maduka matatu ya dawa, ili pasiwe na muuzaji wa kuniuliza. Nilisoma barua yako kwenye ngazi za shule nikakaa hapohapo. Mimi ninayewafundisha watoto kutafuta chanzo cha kosa kwenye mstari wa kwanza, kosa langu lilikuwa mkononi mwangu kila asubuhi na sikuliona.

Daktari alisema kama ulivyosema. Akatazama daftari, akanitazama mimi, akauliza, "Nani amekufundisha kuandika hivi?" Nikasema shangazi. Amenipa dawa nyingine ya kumeza jioni, siyo ya maumivu, na vile vya zamani amenikatisha.

Nilimwambia Mama Jumatatu ya Pasaka. Aliweka sahani chini polepole.

"Ulisema kabisa," akasema. "Mbele ya Padri. Mbele ya watu wa Wazo."

"Nilisema, Mama."

"Sasa watasema Mungu wetu anafanya kazi nusunusu?"

Akakaa akinitazama, kisha akainuka, nikadhani anaondoka. Alikwenda kufunga madirisha. Akazima redio, akawafukuza kuku, akalowesha kanga yake na kunifunga kichwani, akaketi sakafuni kando ya kitanda. Alikaa pale siku nne. Siku ya tatu nilimwomba anitafutie kidonge kimoja, nikamwita majina ambayo siwezi kukuandikia. Akasema, "Nitukane tu, mwanangu. Nimeshatukanwa na kwaya."

Siku ya kumi na mbili nikafumbua macho asubuhi, na hapakuwa na kitu. Nilistuka. Nililala nikisubiri. Nikasikia mtu anafagia nyumba ya tatu. Sikujua kwamba asubuhi huwa na nafasi kubwa namna hii ndani yake.

Maumivu yamerudi tangu hapo, ila huja na kuondoka. Na sasa naweza kutazama simu dakika kumi.

Ndiyo maana nakuandikia. Mama alinipa simu yake nifute picha, imejaa, haipokei tena ujumbe wa jumuiya. Katika kufuta nikaingia kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Tarehe 14 Desemba, simu ya video. Kwenda kwa Sista Apolonia. Imeanza saa kumi na dakika ishirini na tano jioni. Imedumu dakika tisa.

Fomu ya polisi inasema tumegonga saa kumi na nusu.

Nimeijumlisha mara nyingi, Shangazi, kwa vidole na kwa karatasi. Ishirini na tano na tisa ni thelathini na nne. Ulikuwa nasi tulipogonga. Ulibaki dakika nne baadaye. Na hukusema, wala Mama hakusema, wala mimi sikukumbuka.

Uliona nini?

Benedicta


Karagwe, 29 Juni 2025

Mwanangu Benedicta,

Marahaba, ya salamu uliyonipa Mei. Gari letu limekwenda Dar na kurudi mara mbili tangu nipate barua yako. Mara zote mbili nilikuwa na bahasha mkononi, na mara zote mbili nilirudi nayo chumbani. Leo naandika na Sista Blessing ameketi mkabala nami, nimemwambia asiondoke bila kuichukua.

Mama yako alinipigia nione sare zenu za kitenge. Alianza kunionyesha wewe. Ulikuwa umekumbatia sufuria, ukanisalimia ukicheka, ukasema pilau ya Wazo haina chumvi. Kisha mimi nikasema, na haya ni maneno yangu kama yalivyotoka: "Na huyo dereva, amekuwa mkubwa siku hizi hata shangazi yake hamwamkii?"

Mama yako akamsogezea simu usoni.

Ansbert ni mtoto aliyelelewa. Angeweza kuniamkia akitazama njia. Lakini kwetu mkubwa haamkiwi kwa shavu. Akageuka, akanitazama machoni, akainamisha kichwa kidogo kama baba yenu alivyomfundisha, akasema, "Shikamoo Shangazi." Nilikuwa nafungua mdomo kuitikia.

Simu ikaruka. Ilipotulia ilikuwa imelala mahali ikitazama mbele, kupitia kioo kilichopasuka. Sikuona mtu hata mmoja. Niliona nyuma ya lori na mifuko ya saruji iliyotoboka, vumbi linashuka. Na juu ya boneti, limenasa kwenye waipa, tawi la mwarobaini. Bichi. Lilikuwa linapepea. Nililitazama dakika nne nikiwaita mmoja mmoja kwa majina yenu ya ubatizo. Kilichoniitikia ni honi, iliyokwama ikilia. Halafu mkono wa mtu ukaizima simu.

Matawi yalikuwepo, Benedicta. Ansbert aliyakanyaga akiwa ananiamkia mimi.

Usiku Mama yako alinipigia kwa simu ya jirani. Wewe ulikuwa hujazinduka. Akauliza, "Sista, polisi wanataka maelezo, Ansbert akisema ukweli watamfunga, tuseme nini?" Nikamwambia, "Semeni hamkuona alama." Kwa Ansbert ilikuwa kweli, hakuona. Mimi niliyeweka nadhiri nilitafuta neno la kweli la kufunikia uongo, na nililipata upesi sana. Sikumfikiria dereva wa lori. Nilimfikiria mtoto wa kaka yangu akiwa rumande.

Kisha ukaniandikia wewe. Ulikuja na swali safi: niliona, au kichwa kimezua? Nami nikachukua uuguzi wangu wa miaka thelathini nikakupiga nao palepale palipokuwa panauma. Nilijua unafundisha hesabu. Nilisoma habari za stoo ya vitabu, nikajua ni mimi niliyekufungia humo, na nikakujibu habari za vidonge. Habari za vidonge zilikuwa kweli. Nilijificha nyuma yake.

Simu niliirudisha ofisini asubuhi ya tarehe 15 Desemba. Ikilia hata chumba cha tatu, natoka nje.

Siombi kitu. Kichwa chako hakikukosea. Hilo ndilo nililopaswa kukuandikia tarehe 20 Februari.

Apolonia


Kinyerezi, 13 Julai 2025

Shangazi,

Barua nimeipata. Nimeisoma mara moja nikaikunja.

Sijaanza na salamu. Si kwamba nimesahau adabu. Kalamu imefika kwenye neno lile ikasimama. Nimejaribu karatasi tatu.

Miezi mitano nilihesabu saba mara nane kwa vidole. Nilikuwa nikivuka barabara namwuliza mtu wa pembeni kama kweli gari linakuja. Zubeda akinihadithia jambo, nalihakikisha kwa mwingine, kwa kuwa nilidhani nimelitunga. Wote watatu mlikuwa mnajua. Mama alikuwa ananifunga kanga kichwani akijua.

Nimempa Ansbert aisome. Amesoma akiwa amesimama mlangoni. Amekwenda kukaa ndani ya lile gari, chini ya turubai, na kuku wakatoka.

Sina zaidi.

Benedicta


Kinyerezi, 24 Agosti 2025

Shangazi,

Mama mzima. Bibi mdogo nasikia ameolewa. Mama amecheka mpaka akakaa chini. Zubeda anakusalimu ingawa hakujui. Nimemwambia nina shangazi aliyevikuta vidonge kwenye mkoba wangu akiwa Karagwe. Sikumwambia mengine.

Ansbert alikaa ndani ya gari lile mpaka jua likazama. Nilimpelekea chai. Nikakaa kiti cha nyuma, kilekile. Sikujua kama ningeweza. Tulitazama turubai.

"Nilisikia yanapita chini ya matairi," akasema. "Nikajua ni matawi. Kabla hatujagonga nikajua. Ndiyo maana siwezi kukutazama ukishika kichwa."

"Mie nilidhani hunitazami kwa sababu nimekuwa mwehu."

Akalia, Shangazi. Ana miaka thelathini na moja. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, bila kujifuta.

Wiki mbili zilizofuata tulimtafuta Shomari. Wale wanaopakia saruji walituelekeza kwa wengine, wale wengine wakatuelekeza Temeke, kwenye uwanja wa malori nyuma ya soko. Anaosha malori ya watu. Tulimkuta na buti za mpira, mpira wa maji mkononi. Alimtambua Ansbert kutoka mbali, akayafunga maji.

Ansbert alikuwa amejiandaa maneno ya kusema. Alikuwa ameyarudia njia nzima. Lakini mimi nilimtangulia. Sikusalimia. Nilisema, "Mangapi?"

"Nini mangapi, dada?"

"Matawi. Ulikata mangapi?"

Akanitazama vizuri, nadhani akaona kovu. "We ndiwe ulikuwa nyuma," akasema. "Mie ndiye niliyekutoa. Matatu. Mwarobaini. Nilitaka kukata zaidi, mwenye mti akatoka na fimbo, akasema nimemharibia dawa ya familia."

Nilikaa chini kwenye tope, Shangazi, na gauni langu la kazini. Nilikuwa nacheka, kisha sikuwa nacheka. Matatu. Nilihesabu sawa. Katika nusu sekunde, kabla ya kupasuka, kichwa hiki kilihesabu sawa na kikaishika hesabu yake miezi minane dhidi ya watu wote ninaowapenda.

Ansbert akapiga magoti palepale, wapiga debe wanatazama. Shomari akamwacha apige magoti kwa muda, hakumhimiza ainuke. Kisha akasema, "Kijana, mie miaka kumi na tisa naendesha sijakwaruza gari la mtu. Miezi minane sasa naitwa mzembe. Mke wangu anaitwa mke wa mzembe. Magoti yako hayanirudishii lori. Simama twende ukaandike."

Tulikwenda kituoni siku hiyohiyo. Ansbert amebadilisha maelezo. Mama alikuja jioni naye akabadilisha yake, amevaa sare ya jumuiya ili wamwone vizuri, alisema. Sijui Ansbert watamfanya nini. Ameitwa tena Alhamisi aende na leseni. Tajiri wa Shomari amepelekewa nakala. Hajajibu. Askari alituuliza kama kuna shahidi mwingine aliyeona yale matawi. Ansbert akaniangalia. Nikasema yupo, yuko mbali, ni mtawa, na atakapoulizwa atasema. Sikukuomba ruhusa. Nadhani hukuhitaji kuombwa.

Kichwa kinauma siku tatu kwa wiki, nne ikiwa nimesahihisha mitihani. Nameza kidonge siku moja au mbili, basi, na naandika. Siku nyingine nalala chumba chenye giza, nayaruhusu maumivu yaje, najua yataondoka. Jumapili iliyopita kwenye jumuiya Mama alisimama bila kuulizwa, akasema, "Ile shukrani ya Januari tuliiwahisha. Mwanangu hajapona. Anaendelea." Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mmoja alinipisha kiti cha kivulini.

Juzi niliandika ubaoni saba mara nane ni hamsini na sita, nikaendelea. Praygod akasema, "Madamu, ina maana hesabu imetoka hospitali?" Nilicheka mpaka nikashika kichwa, nikakishika mbele ya watu wote.

Sijakusamehe kabisa. Nimeshajifunza kutolitamka neno hilo kabla ya wakati wake. Lakini nimeisoma barua yako mara ya pili, na safari hii niliona kitu ambacho mara ya kwanza sikukiona: kwamba ulikuwa unafungua mdomo. Mimi nilibaki na matawi, Ansbert anasikia matairi, na wewe umekaa miezi minane na jibu ambalo halijatoka.

Kwa hiyo tumekaa mezani sasa hivi, sisi wawili. Nimemwachia nafasi hapa chini, na kalamu nimempa.

Shikamoo, Shangazi.
Benedicta

Shangazi, shikamoo. Ni mimi Ansbert. Nimekaa kwenye kiti, sijashika usukani, natazama karatasi tu. Unaweza kuitikia.